Mwanya Usiokuwemo Kwenye Ramani

Ofisini walimwita Kamba, na hakuna aliyekumbuka tena kama jina lilitokana na urefu na wembamba wake au na kazi yake ya kwanza ya kuvuta kamba za vipimo. Alikuwa mpima ardhi. Ujana wake aliumaliza mahemani, akipanda vilima na kushuka. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikaa chumba cha ramani, ghorofa ya pili, akisimamia makabati ya chuma yenye droo pana na bapa. Mtu akitaka ramani ya sehemu yoyote, alimwendea yeye. Alizijua karatasi zake kwa namba, kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake kwa rangi.

Jumatatu moja asubuhi aliingia injinia, mwanamke kijana, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Naomba karatasi namba arobaini na sita. Nakala safi. Niliyo nayo imechakaa mpaka haisomeki kwenye mikunjo."

Kamba alikuwa ameshanyoosha mkono kufungua droo. Mkono ukabaki pale pale, juu ya kishikio.

"Arobaini na sita ni zile nyanda za juu, kwenye ranchi," alisema. "Kuna nini huko zaidi ya ng'ombe na upepo?"

"Tunajenga lambo. Miaka mitatu mvua imekuwa ya kuhesabu matone, na wafugaji wamechoka kuzika mifugo. Kuna korongo moja lenye mawe meusi, nyuma ya ranchi ya mwisho. Tukiliziba kwa ukuta wa mita kumi na mbili, maji yatawatosha kiangazi kizima. Tunaanza kuchimba baada ya wiki tatu."

"Mmelipima korongo?"

"Pale utakapokaa ukuta, ndiyo. Kingo za juu nimezichukua kwenye ramani." Injinia alicheka kidogo. "Kuna mama mmoja tu, mwenye ranchi hiyo, alitusumbua. Anasema maji yatatorokea mashariki. Nikamwekea karatasi mezani, nikamwonyesha mistari. Ukingo wa mashariki wote uko juu. Akanyamaza."

"Alinyamaza?"

"Atasema nini, mzee? Ramani ni ramani."

Kamba alitoa nakala, akaikunja vizuri, akampa daftari atie sahihi. Injinia alishukuru, akaenda zake. Chini ya karatasi ile, pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la aliyeipima na kuichora. Lilikuwa jina la Kamba.

Aliipima miaka ishirini na tatu nyuma, wiki kumi na moja mfululizo, yeye na mshika fimbo wake, mtu mfupi mnene aliyeitwa Nukta. Wakitembea pamoja, watu wa ranchi walijiumauma midomo wasicheke. Nukta alitangulia na fimbo ndefu yenye alama za vipimo, akaisimamisha mahali. Kamba akaichungulia kwa darubini ya kipimo, akasoma, akaandika kimo daftarini. Kisha mahali pengine, na pengine. Jioni aliunganisha kwa mstari mmoja sehemu zote zenye kimo sawa. Mistari ikibanana, hapo ni genge. Ikiachana, hapo ni tambarare. Kwa namna hiyo nchi yote ile kavu, yenye vichaka vya kufika magotini na baridi ya asubuhi inayopasua midomo, iliingia karatasini kidogo kidogo.

Ikabaki pembe moja tu, korongo la mawe meusi. Ilikuwa kazi ya siku tatu, nne kama upepo ungewasumbua. Ndipo dereva wa ofisi alipofika na ujumbe: mke wa Kamba, mwenye mimba ya kwanza, amelazwa hospitali kabla ya siku zake. Gari litarudi mjini baada ya saa mbili.

Kamba alipanda kilima cha magharibi, akalitazama korongo kwa mbali, akarudi hemani, akaichora pembe ile kwa macho. Ukingo wa mashariki ulionekana kama ukuta mmoja, naye akachora ukuta mmoja.

Nukta alikuwa anakunja turubai. "Pale hatukufika," alisema.

"Nimepaona."

"Kuona si kupima, kaka."

"Nani atakuja huku kuhesabu mawe? Funga mzigo."

Nukta akafunga mzigo. Karatasi ikachapwa, ikasifiwa kwa usafi wake, ikagawiwa. Miaka ya mwanzo Kamba aliikumbuka pembe ile kila alipoifungua droo. Baadaye aliikumbuka mara mojamoja, kisha akaisahau kama mtu anavyosahau jino lisilouma.

Sasa lilikuwa linauma. Kuanzia Jumatatu ile mpaka Ijumaa alikwenda kazini, akarudi, na hakumwambia mtu. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alimvumilia mpaka Jumamosi mchana, akisahihisha madaftari kwenye meza ya kulia.

"Wiki nzima unakula kama mgonjwa na kuitikia kama redio mbovu," alisema bila kuinua kichwa. "Sema. Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Bado?" Aliweka kalamu nyekundu chini.

Kamba akamweleza yote: korongo, gari, ile saa moja ya kuchora kwa macho, na lambo. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi na mimba yangu ndiyo sababu."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, ila umeyapanga maneno yakafika hapo yenyewe. Sikiliza, baba watoto. Siku ile uliponikuta nilikuwa nimeshajifungua tangu juzi yake, nimekaa kitandani nakunywa chai na dada yangu. Nilifurahi kukuona, sikatai. Lakini ungechelewa siku nne ungenikuta hapa nyumbani, bado nakunywa chai. Usinibebeshe korongo."

Kamba alitazama mikono yake. "Nadhani nimpigie simu yule injinia."

"Umwambie nini?"

"Kwamba pale sikupima."

"Atakuuliza, basi pakoje? Utamjibu nini?"

Kamba akasogeza daftari moja, akalirudisha.

"Mwanafunzi wangu akikosea hesabu," mkewe alisema, akichukua tena kalamu, "haitoshi aje aniambie amekosea. Arudie hesabu."

Jumatatu Kamba aliomba likizo ya wiki mbili. Vipimo vipya vya ofisi, vile vinavyosoma setilaiti, vyote vilikuwa nje na vikosi. Akaazima darubini ya zamani iliyolala stoo, akaifuta vumbi, akaangalia kama kioo ni kizima. Kisha akaenda kwa Nukta, aliyekuwa amestaafu na kufungua kibanda cha kushona viatu. Nukta alimwona akija na sanduku la mbao begani, akaacha sindano ndani ya soli.

"Korongo la mawe meusi," alisema kabla hata ya salamu.

"Umejuaje?"

"Hatukuacha deni pengine." Akasimama kwa kushika meza. "Goti langu la kulia si zima, nakuambia mapema. Na wewe safari hii hutaniambia nifunge mzigo kabla sijasema mimi."

Walipanda lori lililopeleka chumvi ya ng'ombe, wakafika ranchi ya mwisho siku ya pili, saa sita mchana. Mwenye ranchi alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, kofia pana, mikono yenye makovu ya waya za ua. Kila mtu huko alimwita Mama Ranchi. Alikuwa anatengeneza lango. Akajikinga jua kwa kiganja, akawatazama wakija.

"Mmoja mrefu, mmoja mfupi," alisema. "Nyinyi nawajua. Mliondoka bila kuaga."

"Tulipata dharura, mama," Nukta alisema.

"Dharura ya miaka ishirini na tatu. Haya, ingieni, jua kali."

Aliwaketisha jikoni, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki. Kamba alipoinua macho aliiona ukutani, ndani ya fremu ya mbao: karatasi namba arobaini na sita, imefifia na jua. Mama Ranchi alikuwa ameijaza alama zake za penseli. Hapa kisima, hapa lango, hapa fisi walikula ndama. Karatasi nzima ilikuwa na maandishi yake isipokuwa pembe moja.

"Pale kwenye korongo hukuandika kitu," Kamba alisema.

"Pale sipaelewi. Kwingine kote naisoma hiyo ramani kama kiganja changu, lakini pale kila nikitazama naona nimepotea. Nikasema, basi, elimu yangu imeishia hapo."

Kamba alikuwa amepanga maneno mengi njiani, na yote yakampotea.

"Hukupotea, mama. Pale mimi sikupima. Nilichora kwa macho, nikaondoka."

Birika lilianza kuchemka. Mama Ranchi hakuliondoa motoni. Aliutazama ukuta, kisha akamtazama Kamba, kisha ukuta tena.

"Ng'ombe wangu wanapita pale kila asubuhi," alisema taratibu. "Upande wa mashariki kuna mwanya katikati ya mawe. Nilimwambia yule injinia kwamba maji yakipanda yatapita hapo hapo. Akanionyesha karatasi. Nikarudi nyumbani, nikasimama hapa, nikajiambia labda uzee umeshanifika kichwani. Kesho yake nikaenda korongoni kwa miguu, kuhakikisha kama mwanya bado upo."

"Upo?" Nukta aliuliza.

"Uende wapi?"

Nukta akacheka, halafu akaona hacheki na mtu, akanyamaza. Mama Ranchi aliondoa birika, akamimina chai vikombe vitatu, akakaa.

"Nilisema mbele ya wafugaji wenzangu kumi na wanane," aliendelea. "Mmoja akaniambia, mama, haya waachie wasomi. Mtoto niliyemwona anazaliwa! Na nikatia sahihi ya kukubali lambo, kwa sababu ya penseli yako." Alimsogezea Kamba kikombe kwa nguvu, chai ikamwagika kwenye kisahani. "Sasa utapima. Ukimaliza utasimama mbele ya watu wale wale, useme kama ulivyoniambia mimi. Usinipe barua. Useme kwa mdomo wako."

"Nitasema. Nipe siku nne."

"Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Atakayechelewa nitamwacha."

Siku ya kwanza walipima sakafu ya korongo na ukingo wa magharibi. Siku ya pili goti la Nukta lilivimba likawa kama boga, akashindwa kupanda. Mama Ranchi akamnyang'anya fimbo, akamketisha kivulini kwenye mwamba aandike daftari, na yeye akapanda mawe kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Kamba alibaki chini na darubini, akipiga kelele upepo usizimeze.

"Nyoosha fimbo, mama! Imelala kushoto!"

"Wewe ndiye uliyelala! Miaka ishirini na tatu!"

Kule kivulini Nukta alicheka mpaka daftari likamdondoka. Kamba naye alicheka, mara ya kwanza tangu injinia aingie ofisini kwake.

Siku ya tatu walifika mwanyani. Hapakuwa pa kutafuta. Kutoka kilima cha magharibi, alikosimama Kamba miaka ile, mwamba mmoja mkubwa uliotangulia mbele ulipaziba kabisa. Lakini ukiuzunguka mwamba ule ulikuta njia pana ya kupitisha lori, imekanyagwa na kwato mpaka udongo ukawa unga. Dakika ishirini za kutembea zingetosha kupaona.

Mama Ranchi alisimamisha fimbo katikati ya njia. Kamba alisoma, akasoma tena, akampa Nukta tarakimu. Nukta akapiga hesabu, akamrudishia daftari. Mwanya ulikuwa juu ya sakafu ya korongo kwa mita saba na nusu. Ukuta ungekuwa mita kumi na mbili.

Kamba alitembea mpaka upande wa pili wa mwanya. Mteremko ulishuka moja kwa moja hadi kwenye kisima, zizi la ndama, na nyumba tatu za wachungaji. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye waya. Mwanamke mmoja alitoka nje na ndoo, akamwona mtu mrefu amesimama juu kwenye mwanya, akampungia mkono. Kamba akapunga. Kisha akakaa juu ya jiwe.

Mama Ranchi alikuja akasimama karibu yake. Hakumfariji, wala hakumwongezea lawama.

"Siku nne ulisema," alimkumbusha. "Imebaki moja. Upepo umetulia."

Jioni ile Kamba alimpigia simu injinia, akamwomba afike kwenye mkutano wa wafugaji.

Walikutana Jumamosi iliyofuata asubuhi katika ghala la ushirika wa wafugaji, katikati ya magunia ya chumvi na mitungi ya dawa ya kupe. Injinia alikaa mbele. Kamba alibandika karatasi mbili ukutani, ya zamani na aliyoichora wiki ile, akaanza bila utangulizi.

"Hii ya zamani niliipima mimi. Pembe hii hapa sikuipima. Niliikisia kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwangu mwenyewe, na nikaandika kwamba imepimwa. Mama Ranchi aliwaambieni kuna mwanya. Mwanya upo. Yeye alisema kweli, na karatasi yangu ndiyo iliyosema uongo."

Mchungaji mmoja aliyesimama mlangoni, kofia mkononi, aliuliza jambo moja tu.

"Maji yangefika mlangoni kwangu?"

"Yangepita mlangoni kwako, bwana. Mvua moja kubwa ingetosha."

Yule mtu alitikisa kichwa, akavaa kofia, akatoka nje.

Injinia alikuwa amesimama. "Mzee, nilikuja ofisini kwako. Nilikuambia kila kitu. Ukanipa karatasi, ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Ningechimba."

"Ndiyo, mwanangu. Niliogopa."

Injinia aliendelea kumtazama, na Kamba hakuinamisha macho, ingawa alitamani sana. Mwishowe binti yule aliligeuza faili lake kifudifudi, akamwendea Mama Ranchi aliyekaa mstari wa pili.

"Mama, nisamehe. Nilipaswa kwenda kuona kwa miguu yangu. Nipeleke sasa hivi, kama hujachoka."

"Viatu hivyo havifai," Mama Ranchi alimwambia. "Lakini twende." Na alipompita yule mfugaji aliyemwambia awaachie wasomi, alisimama kidogo. "Na wewe njoo. Kuna elimu huko."

Lambo lilijengwa, ila si lile. Ukuta ulishushwa ukawa mita sita, na dogo la pili likachimbwa juu zaidi, kwenye bonde ambalo ramani ililionyesha sawasawa. Michoro mipya ilichukua muda, na kiangazi kile kikapita bila maji. Ranchi kadhaa zilipoteza mifugo. Mama Ranchi alizika ng'ombe kumi na mmoja. Hilo nalo Kamba alilijua, kwa kuwa alimuuliza, naye akamjibu.

Ofisini aliandika taarifa ya kurasa mbili, akampelekea mkuu wa idara mwenyewe. Mkuu aliisoma, akavua miwani.

"Hukuwa na haja ya kuandika hii. Ungesema tumegundua kasoro kwenye toleo la zamani, ikaisha."

"Nimeshasema mbele ya watu, mkuu."

Alipewa barua ya onyo, akaondolewa chumba cha ramani, akapelekwa stoo ya vifaa, chini kabisa, ambako hakuna dirisha. Vijana wengine waliacha kumsalimia kwa wiki moja au mbili. Wengine walianza kumletea madaftari yao ya vipimo kabla ya kuyakabidhi, wakimwomba awaangalizie, na yeye aliwauliza swali moja kwa kila pembe: hapa ulifika? Mmoja alichukua daftari lake, akarudi porini. Nukta alipasuliwa goti, akarudi kwenye viatu vyake, na kila mteja alisimuliwa habari ya korongo, kila mara na mawe zaidi.

Toleo jipya la karatasi namba arobaini na sita lilitoka mwaka uliofuata. Kamba alimtumia Mama Ranchi nakala ya kwanza. Siku kumi baadaye simu ya stoo ililia.

"Imefika," Mama Ranchi alisema. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia. "Mwanya upo. Umeuchora vizuri, hata lile jiwe kubwa umeliweka."

"Nashukuru, mama."

"Usishukuru, sijamaliza. Mmeandika zizi pale penye josho la kuogeshea ng'ombe. Zizi langu liko ng'ambo ya barabara. Mgeni akifuata karatasi hii atatumbukiza ndama kwenye dawa."

Kamba alivuta kipande cha karatasi, akatafuta penseli mifukoni.

"Ng'ambo ya barabara upande gani?"

"Wa kusini."

"Hatua ngapi kutoka barabarani?"

"Sijui. Subiri." Akasikia simu ikiwekwa juu ya kitu cha bati, na nyayo zikienda, zikihesabiwa kwa sauti. Kamba aliibana simu sikioni, akangoja.